Barua kwa mwanangu: gunzi la babu yako na maili zenu za baharini

Ugonile mwanangu,

Hapa Uyole mvua inanyesha toka alfajiri, ukungu umeshuka mpaka barabarani, malori yanapita yamewasha taa, viazi having'oleki leo kwa hiyo nimekaa nikuandikie vizuri lile la juzi. Ulisema mwalimu wenu huko Dar kawapa zoezi la kukadiria umbali baharini bila GPS na we unaona anawapotezea muda maana meli zote zina mitambo. Bando lilikata sikukujibu, ila nimelala nalo siku mbili.

Mama, mi nimekulia Itungi kwa babu yako na ziwa la Nyasa lilikuwa uani kwetu. Babu hakuwa na saa ya mkono hata siku moja. Akitaka kujua tunaenda mwendo gani ananiambia nichukue gunzi la hindi nilidondoshe pale mbele kabisa ya mtumbwi, na yeye kakaa nyuma na kasia anahesabu taratibu, moja, mbili, tatu, mpaka gunzi limpite ubavuni. Mtumbwi wetu ulikuwa kama mita 6. Gunzi likimfikia kwenye sita anajua tunatembea kama mtu anaenda shambani hana haraka. Piga hesabu sasa, mita 6 kwa sekunde 6 ni mita moja kila sekunde, yaani kilomita 3.6 kwa saa, kwa lugha yenu ni karibu mafundo mawili, fundo moja likiwa maili moja ya baharini kwa saa. Halafu anaangalia jua limesogea kiasi gani, mwendo mara muda, umbali anao kichwani.

Mabaharia wa Ulaya enzi za matanga walifanya hichohicho kwa kamba. Kibao kinatupwa nyuma ya meli, kamba ina fundo kila mita 14 na kidogo, wanageuza chupa ya mchanga ya sekunde 28 na kuhesabu mafundo yanayopita mkononi. Ndo hayohayo mnayoyasoma nyie mpaka leo. Na ile maili ya baharini ya mita 1852, kipimo kilichokubaliwa kimataifa mwaka 1929, ni dakika moja ya digrii ya latitudo, haikuokotwa tu.

Manahodha wa Bahari ya Hindi waliokuja pwani yetu na kaskazi na kurudi na kusi wao umbali waliuhesabu kwa muda, safari ya masaa matatu waliiita zam, usiku na mchana ni zam nane. Ahmad ibn Majid aliyaandika hayo karne ya 15. Usiku wanapima nyota imepanda vidole vingapi juu ya maji kwa kibao chenye uzi wa mafundo, nyota ikipanda au kushuka kidole kimoja ujue umeenda kaskazini au kusini kama maili mia za baharini hivi. Mi nikiyasoma hayo namuona babu yako kabisa, hakujua kusoma lakini angeelewana nao vizuri sana.

Sasa nikwambie kitu ambacho hata mama yako sijawahi kumsimulia chote. Nilikuwa na miaka 13, mvua ilikuwa imekatika asubuhi hewa imeoshwa safi, milima ya Livingstone ng'ambo kule imekaa kama ukinyoosha mkono unagusa, unaona mpaka makorongo. Mi na binamu yangu tukasema twende Matema, kule chini ya milima, tukale chakula cha mchana tugeuze, hatukumuaga mtu. Tumepiga kasia mpaka mikono inatoka malengelenge, jua limepita utosini na mlima uko vilevile, haukui. Ukikaa mtumbwini jicho liko kama mita moja juu ya maji, maji yenyewe unayaona mwisho kilomita 3 na nusu tu, ila mlima mrefu unauona toka mbali sana, ndo unakudanganya. Kusi ikaanza, mawimbi yanaingia ndani, tunachota kwa kata huku tunalia. Wavuvi ndo walituokota giza limeingia.

Babu hakunichapa. Kesho yake kanipeleka ufukweni kaniambia mlima usiuulize, uliza watu. Ukiwa mbali unaona moshi tu, ukisogea unaona nyumba, ukisogea tena unajua kanga ya nani nyekundu, na ukiona miguu ya watu inapishana wakitembea hapo ndo umefika. Akaniambia pia gunzi halijui mkondo, maji yakikusukuma nalo linasukumwa hukohuko, kwa hiyo tafuta mti na jabali nyuma yake uviweke mstari mmoja, vikiachana ujue unapelekwa pembeni. Hilo muulize mwalimu wako, naamini atalijua.

Kwa hiyo zoezi lifanye mama, tena lifanye kwa mikono yako, usinakili kwa wenzio. Kabla hamjaingia majini pima urefu wa boti mwenyewe kwa tepu, usikubali wa kuambiwa.

Mchele wa Kyela nimeupakia kwenye basi la jana usiku, kilo 20, na mama yako kaweka maparachichi juu, yatoe haraka yasiivie humo. Jumapili nipigie uniambie mlihesabu ngapi.

Baba yako