Si kila mchezaji mpya ni kinda

Mhariri,

Siku hizi kurasa za michezo zinamwita "kinda" kila aliyesajiliwa, hata mwenye miaka 26 na ndevu zake. Neno hilo lina mipaka. Kinda ni mtoto wa ndege, bado yumo kiotani na analishwa. Kwa mchezaji linabeba mambo mawili kwa pamoja: umri mdogo na matumaini kwamba ataruka. Lamine Yamal alipoifunga Ufaransa kwenye nusu fainali ya Euro 2024 alikuwa na miaka 16, zikibaki siku nne atimize 17. Huyo kinda, hakuna ubishi. Mbwana Samatta alipotua Aston Villa Januari 2020 alikuwa mgeni wa Ligi Kuu ya Uingereza, ila alikuwa na miaka 27 na ameshapita TP Mazembe na Genk. Mgeni, ndiyo, kinda, hapana.

"Yosso" nalo lina pake. Yosso ni wa timu ya vijana: Serengeti Boys walio chini ya miaka 17, Ngorongoro Heroes walio chini ya 20, au kikosi cha vijana cha klabu. Kijana wa miaka 18 akishapandishwa timu kubwa na kuanza kila wiki, uyosso umekwisha, ukinda bado anao.

Chipukizi halina umri. Mwimbaji wa miaka 40 aliyetoa wimbo wake wa kwanza juzi ni chipukizi. Ukimwita kinda, unamdhihaki. Wapo wanaoandika "vipukizi" kwa wingi, kama chakula na vyakula. Hiyo chi- si kiambishi cha ngeli, ni sehemu ya mzizi wa kitenzi chipuka. Andikeni wasanii chipukizi. Machipukizi yabaki shambani.

Linalokera zaidi ni upatanisho. "Kinda hilo la Yanga amefunga" ni sentensi moja yenye ngeli mbili. Mchezaji ni mtu: kinda huyo wa Yanga amefunga, makinda hao wamefunga. Mtu ukimpa li- unamkuza awe jitu, au unamtusi, na kinda ni kinyume cha jitu.

Umri nao uandikwe kwa tarakimu palepale neno linapotajwa mara ya kwanza. Usipojulikana, "mchezaji mpya" inatosha.

Msomaji wenu,
Morogoro