Kikao cha Jumamosi: usanifu usiotegemea skrini

Ndugu wanakikundi, habari za jioni.

Kikao chetu cha Ijumaa kimesogezwa hadi Jumamosi hii, saa nne kamili asubuhi, katika ukumbi uleule wa Kijitonyama. Tutajadili huduma zinazotumika kwa kusema, kusikiliza na kugusa badala ya kutazama skrini. Tutaigusia Amazon Echo, spika inayoamriwa kwa sauti, ya mwaka 2014, lakini muda mwingi tutaupa Ai Pin ya kampuni ya Humane, kifaa kilichobanwa kwenye nguo kwa sumaku na kumulika maandishi kwenye kiganja, ambacho kiliingia sokoni mwaka 2024 na kuacha kuuzwa Februari 2025. Kwa maoni yangu, kushindwa kwake kuna mafunzo mengi kuliko mafanikio ya vingine.

Naomba mambo mawili:

1. Kila mmoja ajaribu kuangalia salio la simu akiwa amefumba macho, kisha aandike alipokwama. (Salio tu, msitume pesa, tusije tukawachangia wageni.)
2. Mchango wa chai, shilingi 5,000, umfikie mweka hazina kabla ya Alhamisi jioni.

Tafadhali thibitisheni hapahapa kufikia Alhamisi hiyo, hata kama hutafika, ili tuagize vitafunwa vya kutosha. Asanteni sana.