Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Misiba Yetu, Vifua Vyetu na Daftari Letu

Ndugu wanachama wa chama chetu cha kufa na kuzikana cha watu wa machimbo ya tanzanite hapa Mererani, wilayani Simanjiro, wazee wetu, mama zetu, na ninyi vijana mliopanda kutoka shifti ya usiku mkaja hapa bila kulala, nawasalimu kwa salamu ya kila imani iliyomo ukumbini.

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti aanze na misiba, aje kwenye fedha, amalizie na mipango. Nitaufuata utaratibu huo, ila kwenye misiba nitakaa kuliko ilivyozoeleka. Chama cha kufa na kuzikana kisichojua watu wake wanakufa kwa nini kinageuka kuwa wakala wa majeneza tu, na kwa maoni yangu tulikuwa tumeanza kuelekea huko.

Mgeni akiulizwa habari za vifo vya Mererani, anataja maji. Haki yake. Mwaka 1998 mvua za El Niño ziliingia mashimoni zikawaondoa wenzetu kwa makumi. Machi 2008 ikawa vilevile: mvua ya usiku, maji yakatafuta njia za chini kwa chini, mgodi mmoja ukaujaza wa pili kwa sababu ya mitobozano, yaani njia za migodi kutobokeana, na wapo mama zetu ambao hadi leo hawana kaburi la kuweka ua. Katikati, mwaka 2002, hewa ilikata chini na wachimbaji wapatao arobaini wakakosa pumzi. Misiba hiyo iliandikwa magazetini, viongozi walikuja na rambirambi zikatolewa. Wengi waliokaa safu za mbele leo ndio walioshika kamba siku zile, sina haja ya kuwasimulia.

Misiba tuliyoihudumia mwaka huu haikuandikwa popote. Iko ya shimoni, nayo tumeizoea kiasi cha kutisha: jiwe lililoachia kwenye paa, mtu aliyeteleza kwenye ngazi, kijana aliyerudi kwenye baruti kabla moshi haujatoka kwa sababu tajiri, yaani mwenye mgodi, alikuwa anasubiri mzigo. Lakini mingi zaidi ilitokea kitandani. Mtu aliacha kazi mwenyewe, polepole, akasema anapumzika kidogo. Akaanza kuuza vocha, baadaye akashindwa hata kutembea hadi kituo cha bodaboda. Siku ya msiba mzungumzaji wa familia akasema marehemu alisumbuliwa na kifua kwa muda mrefu, tukaitikia, tukazika. Hakuna aliyetamka neno mgodi.

Mimi nalitamka leo. Hivyo ni vifo vya mgodini, hata kama marehemu alifia Kondoa au Singida miaka sita baada ya kushuka mara ya mwisho.

Mwajua tunavyofanya kazi. Jiwe letu limelala ndani ya mwamba wenye kinywe (grafiti), ndiyo maana mtu anapanda akiwa mweusi tii na kung'aa kama amepakwa risasi ya penseli. Weusi ule unaoga, unatoka. Kinachobaki ni vumbi la mwamba wenyewe, lile la silika, jembamba kiasi kwamba hulioni hewani wala kitambaa ulichojifunga puani hakilizuii. Linaingia hadi mwisho wa pafu, linakaa hapo, pafu linatengeneza kovu juu yake. Madaktari wanauita ugonjwa huo silikosisi. Hauna dawa ya kuuondoa. Na pafu lenye makovu ni nyumba isiyo na mlango kwa kifua kikuu, ndiyo sababu mchimbaji anaweza kutibiwa kifua kikuu akapona, na bado akaendelea kukosa pumzi. Watu wakasema amelogwa, au anatumia dawa za kuongeza siku, yaani za UKIMWI. Maneno hayo yamevunja ndoa hapa mjini, na yamewafanya watu wajifiche badala ya kwenda kupima.

Nigusie na maziwa. Kila kambi ina imani kwamba mtu akipanda akanywa maziwa, vumbi linashuka nayo. Ndugu zangu, maziwa yanapita kooni kwenda tumboni, vumbi liko kwenye mapafu. Kunyweni maziwa kwa sababu ni chakula, na mama anayeyauza naye ana watoto, lakini msiyahesabu kuwa kinga.

Kinachosaidia kinajulikana, nacho ni maji. Mashine ya kuchoronga inayomwaga maji kwenye ncha yake inalilaza vumbi palepale linapozaliwa. Nimezungumza na matajiri kadhaa kuhusu hili na majibu ni yaleyale: maji ni ghali, njia zinakuwa tope, kazi inachelewa. Kwamba Simanjiro ni kavu sibishi. Ila tajiri huyohuyo anapata dizeli ya kuendesha kompresa usiku kucha, na dizeli nayo haichotwi mtoni. Kamati yangu inapendekeza tuanze na jambo moja lisilo na gharama: baada ya kulipua, mtu asishuke mpaka hewa ipulizwe vya kutosha, na msimamizi wa shifti atakayemlazimisha mtu ajulikane kwa jina katika vikao vyetu. Chama hiki hakina mamlaka mgodini, lakini kinajua nani alizikwa akitokea mgodi gani.

Kuna kundi moja nataka tulitazame kwa namna ya pekee. Miaka ya tisini watoto walikuwa wanashuka hapa wakipita kwenye njia ambazo mtu mzima haingii. Tuliwaita nyoka. Baadhi yao leo wana miaka arobaini na kitu, wana wake, wana mikopo, na ndio hao sasa wanaopumzika mara tatu wakipanda mlima wa Endiamtu. Walianza kuvuta vumbi wakiwa hawajaota ndevu. Hawahesabiki kuwa wahanga wa mafuriko, wala hawana mwajiri wa kumuuliza, kwa sababu tajiri wa wakati ule aliuza mgodi au alikwishafariki. Katika orodha ya wagonjwa tunaowatembelea, hao ndio wengi. Naomba mfuko wa wagonjwa uwafikirie kabla ya sisi wengine, mimi nikiwemo.

Kuhusu matibabu, matibabu ya kifua kikuu ni bure nchini, na hilo lisimzuie mtu. Hospitali ya Kibong'oto kule Siha imekuwa ikishughulika na vifua tangu 1926, na wachimbaji wa Mererani si wageni kwao. Tatizo letu ni miguu. Mtu anaanza dozi ya miezi sita, mwezi wa pili anajisikia nafuu, anasikia kuna zali, yaani jiwe la bahati, limetoka mgodi fulani, anarudi shimoni, vidonge vinabaki chini ya godoro. Baadaye ugonjwa unarudi ukiwa umezoea dawa. Kuanzia mwaka huu kila mwanachama aliye kwenye dozi atakuwa na mwenzake wa kumuuliza kila siku kama amemeza. Kina mama wa mama lishe wamejitolea kuifanya kazi hiyo, kwa maelezo kwamba wao ndio wanaojua nani hajala na nani hajaonekana. Nawashukuru sana. Kwa kweli taarifa za wagonjwa tumezipata kwao mapema kuliko kwa wajumbe wetu wa mitaa.

Sasa karatasi, maana huku ndiko wajane wetu wanakoumia mara ya pili.

Mji huu unaita watu kwa majina ya utani. Unaweza kufanya kazi na mtu miaka kumi, mkagawana sigara na godoro, usijue aliandikishwa jina gani kwao. Siku anapofariki tunaanza kupekua simu yake kutafuta aliyemwandika "Mama" au "Bro". Mwaka huu mwili mmoja ulikaa mochwari siku nyingi huku tukipiga namba moja baada ya nyingine, na gharama zikipanda. Mwingine tulimzika hapahapa, ndugu wakafika baadaye wakiwa na uchungu kwamba mtoto wao wa Kichaga hakulala kihambani, kwenye shamba la ukoo wao. Sikuwalaumu.

Baada ya mazishi ndipo yanapokuja ya cheti. Bila cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa serikali wa usajili, mirathi inakwama, na bila muhtasari wa kikao cha ukoo Mahakama ya Mwanzo kwa kawaida husita kumteua msimamizi. Marehemu alikuwa anadai mgao wa jiwe lililouzwa wiki mbili kabla? Tajiri atamwambia mjane alete barua ya msimamizi wa mirathi. Ni sheria, si ukatili, lakini mama aliyetoka msibani na watoto watatu anaiona kama ukatili. Vifo viandikishwe ndani ya siku thelathini, msisubiri arobaini iishe.

Hapo pia ndipo mikataba inapoingia. Wengi wetu tunafanya kazi kwa chakula, posho kidogo na ahadi ya mgao jiwe likitoka. Sisemi utaratibu huo ni mbaya wote. Wapo waliojenga kwa mgao. Ila mtu asiye na mkataba wa maandishi anapata shida kuthibitisha mwajiri wake mbele ya sheria. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unalipa kwa ajali, ugonjwa na kifo kitokanacho na kazi, na mchango wake analipa mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti. Kifua cha vumbi kinaingia humo kikithibitishwa. Wangapi humu mgodi wao umeandikishwa kwenye mfuko huo? Tuliuliza kwenye vikao vya mitaa, mikono iliyoinuka ilikuwa michache mno. Katibu ana barua iliyoandaliwa kwa ajili ya matajiri. Wajumbe wachukue, wapeleke kwa adabu, wadai jibu la maandishi.

Naijua hoja ya vijana: leo nipo hapa, kesho natoka kama Laizer. Ni kweli Juni 2020 Saniniu Laizer aliuza mawe mawili, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5 na ushee, akalipwa shilingi bilioni 7.7, na Agosti akaja na la tatu. Tulifurahi wote, na fedha yake imeonekana kwenye shule. Lakini Laizer alikuwa mmiliki wa mgodi, si mwanaapolo, mchimbaji wa posho. Kijana anayeshuka kwa ndoto ile ashuke na jina lake kamili kwenye daftari letu.

Tangu ukuta wa kilomita 24 ufunguliwe Aprili 2018, hakuna anayetoka eneo la machimbo bila kupekuliwa. Mali ya taifa inalindwa, na sisi tumezoea foleni. Tumepeleka ombi kwamba siku za upimaji wa vifua zifanywe karibu na lango, mahali ambapo shifti zote zinapita, badala ya mtu kufunga safari kwenda mjini akiwa amechoka. Tunasubiri majibu.

Fedha nitazipitia haraka, kwa kuwa taarifa ya mweka hazina mnayo mikononi na mkaguzi ameipitia. Mnaona wenyewe kwamba usafirishaji wa miili umekula sehemu kubwa kuliko sanda na majeneza. Wanachama waliohamia kwenye machimbo ya dhahabu huko Geita na Chunya wanaendelea kudaiwa ada. Wanaotaka kubaki walipe kwa simu, wasiotaka waseme, tusije tukagombana juu ya jeneza. Turubai jipya lilinunuliwa. La zamani limepotea na uchunguzi haukufika popote.

Mapendekezo ya kupigiwa kura ni haya. Daftari jipya lenye jina la kitambulisho, jina la utani, kijiji, dini, namba za ndugu wawili, mahali mwanachama anapotaka kuzikwa, na migodi aliyofanya kazi tangu alipoanza. Hilo la mwisho baadhi wameliona kama upelelezi. Halina nia hiyo: daktari akiuliza mtu alivuta vumbi miaka mingapi, au mfuko ukitaka uthibitisho, jibu liwe limeandikwa kabla mwenyewe hajaishiwa sauti. Pili, kila kifo kiandikwe na sababu yake na kazi aliyoifanya marehemu, hata kama alifia mbali. Tatu, sehemu ya ada ya mwezi iende kwa wagonjwa wakiwa hai. Kiasi mtakiamua ninyi.

Muda wangu wa uongozi unaisha mkutano huu. Fomu za kugombea ziko kwa katibu, mezani pale mlangoni, na dirisha linafungwa saa kumi jioni. Kabla ya chakula wajumbe wa Naisinyai wabaki kidogo, kuna msiba wa usiku wa jana tunatakiwa kuupangia usafiri.