Barua kwa Shangazi: chakula cha moto Mtaa wa 26

Shikamoo Shangazi,

Jumapili uliniuliza kwenye simu kwa nini mimi na mkweo tunakwenda kulipia chakula mgahawani wakati jiko ninalo na mikono ninayo. Nilikujibu harakaharaka kwa sababu chaji ilikuwa inaisha, na jibu lile halikunitosha hata mimi. Naliandika hapa hadharani kwa sababu wapo dada zangu wengi huku ughaibuni wanaoulizwa swali hilohilo.

Uliponifunda, usiku ule kabla ya harusi, ulisema mengi. Moja limenikaa mpaka leo: mume na mke wasile kwa zamu kama walinzi. Shangazi, sisi tunakula kwa zamu. Mimi natoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kuhudumia wazee, narudi saa kumi jioni. Yeye anaingia ghalani saa tisa alasiri, anarudi saa saba usiku nimeshalala. Anachokula ni bakuli nililoliacha kwenye friji. Anakipasha, anakula amesimama, anaosha bakuli. Asubuhi naliona limefunikwa juu ya sinki, najua amekula. Jumanne ndiyo siku pekee tunayokutana mchana, na Jumanne hiyo nyumbani mmoja anafua, mwingine anapika, mezani tunafika tumechoka hata kuongea.

Kwa hiyo Jumanne iliyopita tulipanda basi mpaka Mtaa wa 26 hapa Chicago, kule kwenye lango kubwa lililoandikwa "Bienvenidos a Little Village". Zamani walikaa Wacheki, leo ni mtaa wa Wameksiko. Mgahawa wenyewe una meza nane, viti vya plastiki na kalenda ya duka la nyama ukutani. Mwenzangu wa kazini, anayetoka Jalisco, Meksiko, ndiye aliyenielekeza: nenda ukale birria. Nikamuuliza birria ni nini. Akasema ni mbuzi. Hapo nikajua tunakwenda.

Mbuzi huyo hulazwa kwenye viungo na pilipili kavu zilizosagwa, kisha hupikwa taratibu kwa saa nyingi mpaka nyama inaachia mfupa yenyewe. Analetwa na supu yake, nyekundu, inayotoa moshi, na pembeni vitunguu vilivyokatwa vidogovidogo, giligilani na ndimu. Kinywaji tuliagiza tamarindo. Nilipoonja niliweka glasi chini nikamtazama mkweo, naye akacheka: ukwaju! Mti wenye asili ya Afrika, na juisi yake tunainywea Chicago kwa mkono wa mama wa Kimeksiko.

Lakini kilichonifanya nikukumbuke wewe ni mahindi. Kule nyuma ya kaunta alisimama mwanamke wa umri wako. Anachukua donge la unga uliokandwa, analikandamiza katikati ya vyuma viwili, analitupa kwenye chuma bapa cha moto, analigeuza kwa ncha za vidole. Likifura katikati, analitoa. Hizo ndizo tortilla, chapati za mahindi, na zinaletwa mezani kwenye kikapu, zimefungwa kwa kitambaa vilevile unavyofunga chapati zako zisipoe. Nilipofunua kitambaa ulinijia mvuke wa mahindi usoni. Nilikuwa Same, Shangazi. Nilikuwa jikoni kwako.

Sisi tunayaita mahindi kana kwamba yametoka India, kumbe kwao ni Meksiko. Huko ndiko yalikoanza kulimwa, miaka kama 9,000 iliyopita. Na wana ujuzi ambao haukusafiri nayo. Wanayachemsha kwa maji ya chokaa, wanayaacha yalale humo usiku kucha, ganda linatoka, ndipo wanasaga. Chokaa hiyo inafungua vitamini iliyojifungia ndani ya punje. Mbegu ilipopelekwa nchi nyingine bila ujuzi huu, watu waliotegemea mahindi matupu waliugua pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini hiyo, ngozi ikababuka na akili ikavurugika. Inaniuma nikifikiria hilo. Punje ilivuka bahari, na maarifa ya akina mama walioipika yakaachwa bandarini.

Mkweo aliagiza na pozole ya kuku, ambayo ni mchuzi wenye punje kubwa za mahindi hayohayo ya chokaa, zimepasuka kama maua. Alikula vijiko vitatu, akanyamaza. Kisha akasema, "Hii ni makande isiyo na maharage." Akaanza kunisimulia habari za bibi yake, na mwaka ambao mvua haikunyesha wakala makande miezi minne. Miaka sita ya ndoa sikuwahi kuisikia habari hiyo. Alikuwa anaongea huku anakata kipande cha chapati, anachovya kwenye supu ya mbuzi, na mara mbili aliniwekea kipande cha nyama upande wangu wa sahani bila kukatisha maneno. Tulikaa saa mbili nzima. Hakuna aliyekuja kutuondoa. Bili, pamoja na bahashishi, ilikuwa dola 38, ambazo nazipata kwa saa mbili na nusu za kazi, na ningezitoa tena kesho.

Hilo ndilo jibu langu, Shangazi. Hatukukimbia jiko. Tulikwenda kutafuta meza.

Sasa mkweo anataka makande, ya kwetu kabisa, Jumanne ijayo. Mahindi yaliyokobolewa nimeyapata dukani kwao palepale, maharage ninayo, magadi nimepewa na dada mmoja wa Moshi. Mkono wangu umesahau kipimo. Nitumie ujumbe wa sauti unieleze: magadi unayatia mwanzo pamoja na mahindi, au unasubiri maharage yaingie?

Mwanao,
Chicago