Ile ukoko ya mu tanki, na siye je?

Bwana Muhariri, jambo.

Nilikuwa nasoma habari za Hanford kule Marekani, pale walitengenezaka plutoniumu ya bomu ya Nagasaki, wako na matanki 177 chini ya udongo ya uchafu wa radioaktivu (wenye kutoa mionzi ya hatari), na hata wakishanyonya tanki moja kuna kabaki kanashikamana chini, kagumu sawa ukoko wa bukari mu sufuria.

Njo kale kabaki kananivutia. Mabingwa wanachota kidogo, wanapima kwanza mna nini ndani, urani, teknetiumu-99 (chuma ya radioaktivu), kromiumu, kisha wanakalowesha, mara maji ya kawaida mara maji ya chokaa (juu tanki inaweza kuja kujazwa simenti, na simenti iko na chokaa), wanaangalia nini inatoka na nini inakatala. Ni akili kabisa, maana sumu kuwa mingi haiko sawa na sumu kutembea, ingine imefungwa mu kutu ya chuma haitoki mbio. Na teknetiumu inapungua nusu kisha miaka karibu 211,000, mto Columbia nao uko palepale!

Sasa siye wa Lubumbashi. Urani mingi ya mradi wa ile bomu ilitoka mu mgodi wa Shinkolobwe, hapa karibu na Likasi. Mvua ikinyesha maji ya mabaki ya migodi inashuka paka mu bustani za lengalenga. Niliuliza watu wa mgodi mumoja, wakanionyesha karatasi ya vipimo vya mawe, ya maji hakuna. Gazeti lenu liwaulize: ile mabaki mulishailowesha, na nini ilitoka?

Msomaji, Lubumbashi