Barua kwa Mwanaidi kuhusu watoto wa Birmingham

Birmingham, Alabama

Mpendwa Mwanaidi,

Salamu nyingi, na uniwie radhi kwa kuchelewa kukujibu. Uliniuliza kama ni kweli kwamba mji huu ninaoishi uliwahi kuwaona watoto wakiuawa kanisani, na wauaji wakaendelea kutembea mitaani. Ni kweli. Jana nilikwenda kulitazama Kanisa la Kibaptisti la 16th Street, na hadi sasa moyo wangu haujatulia.

Jumapili ya tarehe 15 Septemba 1963, saa 4:22 asubuhi, baruti iliyotegwa chini ya ngazi za nje ililipuka. Wasichana watano walikuwa katika chumba cha chini wakijipamba kwa ajili ya ibada ya vijana. Sarah Collins, mwenye miaka 12, ndiye pekee kati yao aliyetoka hai, na kila anaposimulia hurudi pale pale: dada yake, Addie Mae, ananyoosha mikono amfunge Denise McNair mkanda wa gauni. Kisha kishindo. Sarah alimwita dada yake mara tatu bila kuitikiwa. Addie Mae, Carole Robertson na Cynthia Wesley walikuwa na miaka 14 kila mmoja. Denise alikuwa na 11 tu. Sarah mwenyewe alipoteza jicho la kulia.

Linaloniumiza zaidi, Mwanaidi, ni kwamba wahalifu walijulikana mapema. Kufikia 1965 wapelelezi wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, walikuwa wamekwisha kuwabaini wafuasi wanne wa Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi wa rangi, lakini mkuu wa FBI, J. Edgar Hoover, alizuia wasifikishwe mahakamani, na mwaka 1968 jalada likafungwa. Bill Baxley, Mwanasheria Mkuu wa jimbo, alilifufua, akamtia hatiani Robert Chambliss, mmoja wa wale wanne, mwaka 1977, ingawa hakupewa kanda za sauti ambazo FBI ilikuwa imezirekodi kwa siri jikoni kwa Thomas Blanton, mwingine wao. Kanda hizo zilisikika mahakamani mwaka 2001, Blanton alipofungwa maisha. Bobby Frank Cherry alifuata mwaka 2002. Herman Cash alikufa mwaka 1994 bila hata kushtakiwa. Watoto waliozaliwa mwaka ule wa mlipuko walikuwa wamekwisha kuwa wazazi kabla kesi ya mwisho haijaamuliwa.

Na Sarah? Majina ya wenzake yalichongwa kwenye mawe, yeye akasahauliwa huku akibeba vipande vya vioo mwilini. Gavana wa Alabama alimwomba radhi kwa maandishi mwaka 2020, miaka 57 baadaye.

Kanisani nilikaa muda mrefu chini ya dirisha la vioo vya rangi lililotokana na michango ya watu wa Wales. Lina Kristo mweusi aliyenyoosha mikono. Nilipoitazama mikono ile, nilikumbuka ya Addie Mae.

Nisalimie Mama na wadogo zako.

Rafiki yako,
Saumu