Barua kwa mdogo wangu aliyeomba kazi kwa gemu isiyokuwa na ofisi

Mdogo wangu,

Asalam aleikum. Ile barua ya kuomba kazi kwa gemu uliyonitumia WhatsApp juzi saa sita kasorobo usiku, ukaniandikia "dada nikagulie kabla sijatuma", nimeisoma. Nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikacheka mpaka mamangu akauliza kuna nini huko chumbani, ya pili nikanyamaza. Usinikasirikie kwa kukujibu hapa mbele za watu badala ya kukupigia, jina lako silitaji, lakini wenzako watatu hapo chuoni wameshaniletea swali hilo hilo mwaka huu na mimi nimechoka kurikodi voisi noti.

Kwanza nimefurahi ni Wesnoth, ile gemu ya vita ya kucheza kwa zamu. Nakukumbuka bado uko praimari, pale saiba ya Bondeni, wenzako wanagombania kompyuta za mbele zenye gemu ya mpira na wewe unakwenda moja kwa moja kwa ile kuukuu ya pembeni isiyokuwa hata na intaneti, manake ndio iliyokuwa na Wesnoth, mtu aliiweka kwa flashi na hakuna aliyekuja kuidai pesa. Ukirudi nyumbani ni hadithi za mifupa inayotembea na usiku na mchana. Kwa hivyo najua hii si tamaa ya jana.

Sasa barua. Umeanza na Bwana au Bibi Mheshimiwa. Ukatia salamu nusu ukurasa. Alafu ukaambatanisha risalti ya KCSE, kopi ya kitambulisho mbele na nyuma, cheti cha zile pakeji za kompyuta na, wallahi hapa ndipo nilipocheka, barua ya chifu. Mdogo wangu, barua ya chifu! Nani ataisoma? Gemu hii ilianzishwa na mtu mmoja anaitwa David White mwaka 2003, wakaja wengine wakamsaidia, na mpaka leo inaendeshwa na watu waliotawanyika duniani, kila mmoja nyumbani kwake, wengi wao wanajitolea tu baada ya kazi zao. Hakuna ofisi, hakuna meneja wa kuajiri, hakuna mtu wa kupiga muhuri. Kodi yake yote (kodi ya kompyuta, yale maandishi yanayoiambia gemu ifanye nini, si ile inayokufanya umkimbie mwenye nyumba) iko wazi chini ya leseni ya GPL, yaani wewe saa hii hii una haki ya kuichukua, kuisoma, kuibadilisha na kuigawa, mradi yule unayempa naye umpe haki zile zile. Haki hio unayo tayari, na umekaa chini kuandika barua ya kuiomba.

Ni kama mtu aandike barua kuomba ruhusa ya kukaa baraza Mji wa Kale. Si unapita, unasalimia, unakaa? Wazee wanacheza bao, unatazama, siku ya kwanza huulizwi kitu wala hugusi kete, siku nyingine mmoja ameondoka kwenda kuswali unaambiwa haya kijana kaa hapa. Hakuna aliyekuuliza cheti. Na wale wa opensosi, yaani wa programu zenye kodi wazi kama hii, wana haraka kuliko wazee wetu, sisi twasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, wao jembe wameliegemeza mlangoni.

Lakini hilo la vyeti nakusamehe, ndivyo tulivyolelewa nchi hii, hata ukitaka kibarua cha wiki mbili bandarini utaulizwa karatasi. Lililoniuma ni jingine. Kizungu cha ile barua si chako. Nakujua unavyoandika, huna hata siku moja umesema una mapenzi yasiyo na mipaka kwa ubunifu wa kidijitali. Ile mashine ya AI imekuandikia, sawa, kila mtu anaitumia, mimi pia kazini, lakini imekuandikia kitu ambacho wewe mwenyewe hukukisoma, manake pale kati imesema utaongeza kasi ya injini ya Python ya gemu, na injini ya Wesnoth, ile kodi inayoiendesha, imeandikwa kwa lugha ya C++. Python iko kwa vifaa vya pembeni. Hadithi na mambo ya kampeni yameandikwa kwa WML, lugha yao wenyewe, na Lua kidogo kidogo. Mtu aliyeishi na ile kodi miaka kumi akifika kwa mstari huo amemaliza, hasomi tena, na hata hatakujibu, manake barua za namna hio anapata nyingi na zote zina harufu moja.

Na kitu kinachoniudhi zaidi ni vile ambavyo hukuandika. Wewe unajua bila kufungua kitabu kwamba askari wa upande wa nuru mchana anapiga zaidi kwa asilimia 25 na usiku anapunguziwa 25, na wale wa giza kinyume chake. Unajua mbilikimo apigane wapi na mtu wa msituni ajifiche wapi. Umeicheza gemu hio mamia ya mara kwa kompyuta mbovu, na mbovu ndio inayoonyesha kasoro. Hayo yote hayamo kwenye barua, barua imejaa wewe ni kijana mwenye bidii kutoka familia ya kawaida. Familia gani ya kawaida, mamako akiskia!

Basi fanya hivi. Barua weka kando. Nenda kwenye orodha yao ya bagi, yaani kasoro za gemu, iko wazi, kila mtu anaiona, tafuta moja ambayo mtu ameripoti lakini hakueleza vizuri. Ijaribu kwako, uone inatokea au haitokei, alafu andika chini yake kwa Kizungu chako kile kile cha kuvunjika: toleo gani la gemu, kompyuta gani, nilibonyeza hiki, kisha hiki, nikaona hiki. Hio ni kazi na ina thamani kwao, manake nusu ya taabu ya kurekebisha bagi ni kuifanya itokee mbele ya macho yako. Ukishafanya mbili tatu za hivyo watakuwa wanalijua jina lako, na hujaandika hata mstari mmoja wa kodi.

Ukitaka kodi yenyewe, skia ushauri wa mtu aliyeungua. Usiichukue repo nzima, yaani ghala lao la kodi, kwa bando la simu. Git, ile programu ya kutunza kodi na mabadiliko yake, ukiiambia clone (nakili) tu itakuletea historia yote, kila badiliko la miaka yote, utalala na asubuhi huna bando wala repo. Iambie depth 1, itakuletea hali ya leo peke yake. (Nyaya za intaneti za SEACOM na TEAMS zimetokea baharini zikatua hapa hapa Mombasa mwaka 2009, sisi ndio mlango, na bado twahesabu MB kama mtu anayehesabu sukari ya Ramadhani. Haya, tuyaache.) Ukianza kuikompaili, yaani kuigeuza kodi iwe gemu ya kuchezeka, usiipe laptopu yako ile ya RAM ya kubahatisha kazi nne kwa mpigo, ipe moja au mbili, weka feni, kunywa chai, nenda kaswali urudi. Itachukua masaa. Stima ikikatika katikati usilie, ukiendelea haianzi mwanzo, yale mafaili yaliyokwisha yamekwisha. Na WML haitaki kukompailiwa kabisa, ni maandishi tu, unafungua kwa edita yoyote, unabadilisha namba, unafungua gemu unaona. Mimi ningekuwa wewe ningeanzia huko.

Sasa nikupe aibu yangu, sijamwambia mtu. Mchango wangu wa kwanza kwa gemu moja, siitaji, ulikuwa kurekebisha neno moja lililoandikwa vibaya. Neno moja. Nikatuma puli rikwesti, yaani umebeba badiliko lako unawapelekea waangalie, wakubali au wakatae. Kumbe edita yangu ilikuwa na tabia ya kupanga panga nafasi na miisho ya mistari kila nikisevu, mimi sijui, na nilikuwa nimefungua mafaili mengi nikisoma soma, nikayasevu yote. Basi neno moja likaenda na mafaili arubaini, maelfu ya mistari iliyobadilika rangi. Jamaa mmoja akaniuliza swali moja tu: niangalie mstari gani? Hakuna salamu, hakuna asante, hakuna pole. Niliona amenitukana. Nikafunga laptopu wiki mbili nzima, nikawa hata nikiona ile ikoni ya gemu moyo wanienda mbio.

Alikuwa hakunitukana. Hilo ndilo lililonichukua muda kulielewa na ndio nakwambia wewe mapema. Sisi hapa mtu akikuingia na jambo bila kuuliza habari ya nyumbani, mama hajambo, mumeamkaje, basi ana ugomvi na wewe. Wale wana mambo mia ya kuangalia na saa moja ya usiku baada ya watoto wao kulala, akiuliza mstari gani anauliza mstari gani. Niliporudi nikafuta yote, nikabadilisha neno lile tu, faili moja, mstari mmoja, nikaeleza kwa sentensi mbili. Siku ile ile ikapokelewa. Jamaa ni yule yule, akanitilia na kidole gumba.

Kwa hivyo ukiandikiwa kwa ufupi usinune. Ukikataliwa uliza kwa nini, na uliza pale pale wazi, usimfuate mtu faraghani ukidhani ndio heshima. Najua kwetu kumwaibisha mtu mbele za watu ni vibaya na kuuliza ujinga mbele za watu ni vibaya zaidi, lakini huko swali lako likiwa wazi anaweza kukujibu mwingine, na mwenye shida kama yako mwakani atalikuta. Wakinyamaza usiwaandikie kila siku. Ngoja wiki, kumbusha mara moja, kwa adabu.

Nakuja kwa Fort Jesus, ngome yetu hapa Mombasa. Ile aya yako ya mwisho, ya kutaka watengeneze kampeni nzima ya vita vya ngome, hio umeandika wewe, naiona, hata makosa yake ni yako, na ndio aya pekee iliyonisimamisha nywele. Wareno wamejifungia ndani, Waomani nje, tangu mwezi wa 3 mwaka 1696 mpaka wa 12 mwaka 1698, karibu miaka mitatu, maradhi yanaua ndani kushinda risasi, na kila upande unangoja jahazi. Alafu gemu ina maji mafupi, maji marefu, miamba ya baharini, ngome, yote tayari yamo! Lakini wewe umeandika "naomba mtengeneze". Watengeneze nani? Yule anayekaa Ujerumani anaijua Makupa? Tengeneza wewe. Wesnoth ina nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji, unaandika kampeni yako kwa WML, unaipandisha kwa seva yao ya nyongeza kutoka ndani ya gemu yenyewe, na mwengine anaipakua kwake bila mtu kuipitisha kwenye kamati. Leseni tu iwe ya wazi kama ya kwao, kwa hivyo picha usiokote mtandaoni, chora au mwambie yule rafiki yako anayechora tuktuk. Na usianze na misheni kumi. Anza na moja, usiku mmoja, jahazi moja inajaribu kuingiza chakula ngomeni. Mimi ntakuwa wa kwanza kuijaribu na ntakuandikia bagi zako bila salamu.

Kuhusu ami yako na swali lake la "utapewa ngapi", mwambie ukweli, hapo hupewi kitu. Kama unataka kitu chenye pesa kuna ile programu ya Google ya kila mwaka ya kulipa wanaochangia opensosi, Google Summer of Code, iko tangu 2005, na tangu 2022 si ya wanafunzi peke yao, ila uwe umetimiza miaka 18. Hio ndio inataka kuombewa kweli kweli, unaandika pendekezo la kazi kwa mradi uliomo kwenye orodha ya mwaka huo, na orodha hubadilika, kwa hivyo angalia kwanza kama kuna gemu unayoitaka. Kuna kazi za masaa kama 90, 175 na 350, na malipo yanapangwa kulingana na nchi uliyoko. Menta, yule wa mradi atakayekuongoza, anaposoma mapendekezo na lako likawa la yule kijana aliyemsaidia kuonyesha bagi tatu zinavyotokea mwezi wa 1, hio si sawa na jina asilolijua. Na kwenye ratiba sema kweli: wiki za mitihani andika ni za mitihani, usijipangie masaa 40 kwa wiki alafu upotee. Menta wako akijua mapema mnapanga, akigundua mwenyewe hakuamini tena.

Ijumaa baada ya sala nakuja kwenu, nabeba ile laptopu yangu ya zamani, betri imekufa lakini ukiichomeka ukutani inafanya kazi, ina RAM mara mbili ya yako. Tutaikompaili pamoja huku twala. Mwambie khalati asipike kitu, ntapitia viazi karai vya pale Makadara, na bakuli lake la mbaazi la mwezi jana narudi nalo, aache kunitumia ujumbe. Wewe mpaka siku hio uwe umechagua bagi moja. Moja tu, na uwe umeisoma mwenyewe.

Dadako